Siku moja Val d'Orcia, baada ya kufuta miji miwili

Siku ya kwanza tuliiharibu wenyewe. Tulikuwa tumefikia Siena, Italia, mimi na mume wangu, safari yetu ya kwanza ya wawili tangu mtoto wa kwanza azaliwe miaka kumi na minne iliyopita. Nilipanga San Gimignano asubuhi, Volterra mchana, Monteriggioni jioni. San Gimignano tuliitazama minara yake, ile kumi na kitu iliyosalia kati ya sabini na miwili inayosemekana ilikuwepo zamani, tukaondoka mbio. Volterra tukafika saa tisa alasiri, migahawa imeshafunga jiko na maduka yameshusha milango. Mume wangu alifanyiwa upasuaji wa goti mwaka jana, na tangu asubuhi alikuwa anapanda ngazi na miinuko. Tulikula biskuti ndani ya gari bila kusemezana. Usiku, tumekaa kitandani, akaniambia kwa upole, "Mama watoto, mimi sikuja kuhesabu miji. Nimekuja kukaa na wewe."

Maneno yale yaliniingia. Nikatoa karatasi ya kesho yake. Ilikuwa na miji mitano ya Val d'Orcia, bonde lililo kusini mwa Siena ambalo UNESCO ililiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2004: Montalcino, San Quirico d'Orcia, Bagno Vignoni, Pienza, na Montepulciano iliyo jirani na bonde hilo. Montalcino nikaifuta kwanza. Jina lake linabebwa na mvinyo wake wa Brunello, na sisi hatunywi. San Quirico nayo nikaifuta, tutaiona kwa dirishani tukipita. Ikabaki mitatu. Asubuhi tukae penye maji, mchana tule na kupumzika, jioni twende tutakakokuta jua linazama. Katikati sikuandika kitu.

Gari tulikuwa tumekodi tangu siku tuliyofika, na nilikuwa dereva mimi kwa sababu ya goti la mwenzangu. Anayetoka kwetu ajue mapema: leseni ya Tanzania peke yake haitoshi, inatakiwa na ile ya kimataifa, ishughulikie kabla hujapanda ndege. Na kama umezoea gari la otomatiki, lisemee wakati wa kulipia nafasi, maana magari mengi ya kukodi kule ni ya gia na otomatiki huongezewa bei. Kuendesha upande wa kulia nilikuzoea baada ya nusu saa. Kilichonipa taabu ni kipilefti. Sisi tumekiita hivyo kwa sababu tunashika kushoto, na kule unashika kulia na kuzunguka kinyume. Mume wangu alikuwa ananiambia kila tukikaribia, "Kulia, mama, kulia," na nilimshukuru kila mara.

Cha kuogopa zaidi ni herufi tatu, ZTL. Ni eneo la mji wa kale ambalo magari ya wageni hayaruhusiwi kuingia. Alama yake ni duara jekundu lenye weupe katikati, na juu yake kuna kamera. Hakuna trafiki wa kukusimamisha. Unapita tu, na miezi baadaye faini inakufuata nyumbani kupitia waliokukodisha gari, na wao wanaongeza ada yao. Kwa hiyo kanuni yetu ilikuwa kuacha gari nje ya ukuta wa mji, kila mji, bila kujaribu kusogea. Mistari ya bluu chini ni maegesho ya kulipia, myeupe ni bure, ya njano ni ya wenye kibali. Nilitembea na mfuko mdogo wa sarafu kwa ajili ya mashine.

Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi kwa barabara ya Cassia, njia iliyofuata mkondo wa barabara ya Warumi wa kale kuelekea Roma. Ilikuwa katikati ya Mei. Ngano bado mbichi, imefika magotini, na ndani yake maua mekundu ya porini yametapakaa kama mtu aliyemwaga kanga. Halafu misaiprasi. Sisi tunaijua ile ya Lushoto, minene na yenye matawi mapana. Hii ya kule ni myembamba na imenyooka kama mlingoti, imepandwa mistari miwili kufuata njia ya kwenda kwenye nyumba iliyo peke yake kilimani. Nilisimamisha gari mara mbili, na mara zote mbili hatukupiga picha.

Bagno Vignoni ni kijiji ambacho uwanja wake wa katikati ni bwawa. Mahali ambapo mji mwingine ungeweka mawe na sanamu, hapa kuna chemchemi ya maji moto iliyozungukwa na nyumba za zamani. Maji hutoka ardhini yakiwa na joto la karibu nyuzi 50. Kufika mapema kulitufaa, kwa sababu hewa ilikuwa bado ya baridi na mvuke ulikuwa unapanda juu ya maji hadi madirishani. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Katarina wa Siena aliletwa hapa, na Lorenzo de' Medici, mtawala wa Florence, naye alikuja kujitibu.

Katika bwawa lenyewe ni marufuku kuoga. Wengi hutazama wakarudi kwenye gari, nao wanakosa kitu kizuri kuliko vyote. Fuata maji yanakoelekea, hatua chache tu, utakuta yanapita kwenye mifereji myembamba iliyochongwa katika mwamba, yakishuka kwenda kwenye magofu ya vinu vya kusagia nafaka. Pale unaruhusiwa kutia miguu. Mume wangu alivua viatu, akakunja suruali, akakaa ukingoni mwa mfereji. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yanafika juu kidogo ya kifundo, na chini yake jiwe limepakwa weupe wa chokaa iliyoganda. Alikuwa anachota kwa kiganja na kulimwagia goti, polepole, kila mara akifumba macho. Nikamkumbuka mama yangu mzazi na ile ndoo ya maji ya moto yenye chumvi aliyokuwa akituwekea kila tukiteguka. Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Ratiba ya jana isingeturuhusu hata dakika kumi.

Saa sita tulikuwa Pienza. Huu mji una historia inayonigusa. Uliitwa Corsignano, kijiji tu, na hapo akazaliwa mwaka 1405 Enea Silvio Piccolomini, aliyekuja kuwa Papa Pius wa Pili. Alipopita kwao akiwa Papa aliamua kukijenga upya kijiji chake, kazi ikaanza 1459 chini ya msanifu majengo Bernardo Rossellino, na kwa miaka michache wakasimamisha kanisa kuu, kasri la ukoo wake na uwanja katikati. Mji ukaitwa kwa jina lake. Yeye akafariki 1464. Upande mmoja hadi wa pili ni dakika chache za kutembea, tambarare, na kwa mwenye goti bovu hakuna mji wa kilima unaomfaa kama huu.

Somo la Volterra tulilishika: jiko la mchana hufunguliwa kama saa sita na nusu na kufungwa saa nane au nane na nusu. Tulikaa mezani saa saba kasoro. Kwa Waislamu wenzangu, neno la kulijua kwenye karatasi ya vyakula ni cinghiale. Liko kila mahali kule, na ni nguruwe mwitu. Ukisema tu huli nguruwe, mwingine hatalihesabu, kwa hiyo litaje lenyewe. Tuliagiza pici, tambi nene za unga na maji zinazosokotwa kwa mkono, kwa mchuzi wa nyanya na aglione, kitunguu saumu kikubwa chenye ladha ya upole. Kila uzi wa tambi ulikuwa na unene wake, unaona kabisa ulipopita mkono wa mtu. Mwishoni kwenye bili utakuta coperto, malipo madogo ya kila aliyeketi, ni kawaida yao, hujaibiwa.

Kisha jibini. Pienza yote inanukia pecorino, jibini la maziwa ya kondoo. Mzee mmoja dukani alitukatia vipande vitatu kwa kisu kirefu: jibini changa, laini na nyeupe, la katikati, na lililokaa miezi mingi, gumu, linalovunjika kama kashata. Alisubiri tumeze kila kimoja ndipo akate kingine. Tulinunua robo kilo ya lile la kati.

Maduka yakaanza kufungwa, na safari hii hatukuhangaika. Nyuma ya kanisa kuu kuna njia inayofuata ukuta wa mji, na chini yake bonde zima hadi Mlima Amiata. Tulikaa pale kivulini kwa muda wa karibu saa tatu. Mara tunazungumza, mara tunanyamaza. Aliniambia kuhusu siku ya upasuaji, alivyokuwa na hofu na hakutaka nijue. Miezi tisa tumelala kitanda kimoja na sikuwa nimelisikia hilo.

Tulipotoka tulisimama kando ya shamba la mizeituni, tukaswali adhuhuri na alasiri kwa pamoja kama wasafiri. Kibla kule ni kusini-mashariki. Montepulciano iko kilomita kumi na kitu mbele, juu ya mgongo wa kilima, mita 605 kutoka usawa wa bahari, na barabara yake kuu inapanda tangu langoni hadi uwanja wa juu. Kipo kibasi cha kuwapandisha watu. Lakini kabla hujaufikia mji, chini ya kilima, liko kanisa la San Biagio, kazi ya msanifu majengo Antonio da Sangallo Mkubwa, lililoanzwa mwaka 1518, limesimama peke yake kwenye majani. Minara miwili ilikusudiwa, ukakamilika mmoja tu. Jua la jioni lilikuwa limeyageuza mawe yake rangi ya asali.

Tukatandika mtandio wangu kwenye majani, tukakata pecorino kwa kisu cha mfukoni na mkate. Mwezi huo jua huzama karibu saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo jioni ilikuwa ndefu. Taa za mji zikaanza kuwaka juu yetu, moja moja.

"Tupande?" akaniuliza. "Naweza, goti limetulia."

Nikamwambia tukae kwanza, jibini bado lipo.