Mipichi 400 ya Daniel Freeman

Jamani habari za siku nyingi, najua nimepotea humu, ni mambo ya shifti za usiku, mtu unatoka asubuhi unalala, ukiamka giza tena. Ila Jumamosi nilikuwa off, na mshkaji wangu mmoja mtu wa Bukavu ambaye tunapiga naye kazi akanipitia na gari akasema leo hakuna kulala. Tukaondoka Lincoln, mji ninaokaa hapa Nebraska, Marekani, tukashuka kusini kama saa moja hivi mpaka Beatrice (wenyeji wanatamka Bi-AT-ris, ukisema kama jina la dada yako wanakuangalia tu). Nje kidogo ya mji, upande wa magharibi, kuna hifadhi ya serikali inaitwa Homestead, na hiyo ndo nataka niwapigie stori leo maana nimerudi nayo kichwani na haitoki.

Kwanza paking. Pale kwenye jengo kubwa la makumbusho paking yake wameipima iwe ekari moja kamili, ukishuka tu kwenye gari ujue ekari ni kitu gani kwa miguu yako mwenyewe. Tukaizunguka yote kama wajinga, na upepo wa Nebraska nao hauna adabu. Alafu ndani unaambiwa haya sasa zidisha mara 160. Hizo ekari 160 za ardhi ndo serikali ya Marekani ilikuwa inampa mtu mmoja karibu na bure. Kwa watu wa mpira, ni kama viwanja 90 vimepangwa pamoja, na wewe upo katikati na jembe.

Sheria yenyewe ya kugawa ardhi, Homestead Act, Lincoln (rais, sio mji wangu) aliisaini tarehe 20 Mei 1862 huku vita vya wenyewe kwa wenyewe vimepamba moto, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1863. Ukiwa na miaka 21 au ni mkuu wa familia, uwe raia au umeshatangaza nia ya kuwa raia, na hujawahi kushika silaha kupigana na serikali, basi unachagua kipande chako, unalipa ada, unahamia, unajenga, unalima, miaka 5 ikitimia unarudi ofisi ya ardhi na mashahidi wawili wakuapie kwamba kweli huyu tunamjua kakaa pale. Mwanamke asiye na mume aliruhusiwa kuomba, mjane pia. Mke wa mtu ndo hakuwa na lake. Shikeni hapo kwenye mke wa mtu, ntarudi.

Sasa hati namba 1, kitabu cha 1 ukurasa wa 1, nchi nzima, ni ya bwana anaitwa Daniel Freeman. Mzaliwa wa Ohio 1826, kasomea udaktari Cincinnati, wakati wa vita alikuwa upande wa Kaskazini. Stori inayosimuliwa ni kwamba alikuwa Brownville, kamji kalichopo kando ya mto Missouri ambako ndo kulikuwa na ofisi ya ardhi, likizo yake inaisha anatakiwa arudi jeshini, na tarehe 1 ofisi imefungwa kwa sikukuu. Kwenye sherehe ya mkesha wa mwaka mpya akakutana na watu wa ile ofisi, akawabembeleza weee mpaka karani akakubali kwenda kufungua usiku ule ule, saa 6 na dakika 10 Freeman keshaandikisha, mapema asubuhi keshaondoka zake. Aisee, mtu wa ofisi ya ardhi anaacha sherehe usiku wa manane anakwenda kumfungulia mteja daftari! Mimi hati ya kiwanja cha mama yangu tunaifuatilia mwaka wa sita huu, na ofisi inayohusika siitaji, nikimweleza mama hii stori kwenye simu akasema mwanangu hiyo ni hadithi ya sungura.

Na mi kidogo nakubaliana na mama, ni tamu mno kuwa yote ya kweli. Siku hiyo hiyo walioandikisha sehemu mbalimbali ni yeye na wengine 417, na wapo waliodai wao ndo wa kwanza. Ila makaratasi ni makaratasi, namba 1 imeandikwa kwake.

Kipande alichochagua ukikiona kwenye ramani unacheka. Sio mraba. Ni vipande vinne vya ekari 40 kila kimoja, vitatu vimekaa mstari na cha nne kimepanda juu ya kile cha katikati, yaani herufi T imesimama kichwa chini. Nikajiuliza huyu dokta alikuwa amelewa nini, kumbe wapi, alikuwa anafuata kijito. Kinaitwa Cub Creek, kinapita pale, na kwenye kijito kuna maji na kuna miti, na kule mbugani mti ni mali. Walowezi wengi waliokuja nyuma yake wakakuta nyasi tupu mpaka mwisho wa macho, wakawa wanakata udongo wenyewe na mizizi yake kama matofali wanajengea nyumba, mvua ikinyesha paa linavuja tope kwenye sufuria. Freeman alikuwa na magogo. Ukiwahi ofisini unawahi na miti.

Haya, twende kwa Agnes, maana mi nilikuja kwa Daniel ila nimeondoka na Agnes.

Agnes Suiter alikuwa binti wa LeClaire, Iowa, kule upande wa mashariki kabisa kwenye mto Mississippi. Na hakuwa mchumba wa Daniel, alikuwa mchumba wa mdogo mtu, James. James akafia vitani. Daniel akaanza kumwandikia barua, na yeye akawa anajibu, barua zikaenda zikarudi mpaka posa yenyewe ikapita kwenye karatasi, wakaoana Februari 1865. Kwetu shangazi zangu wangesema hapo hakuna cha ajabu, mke wa ukoo anabaki kwenye ukoo, lakini huyu alikuwa hajaolewa bado, hakuna mzee aliyekaa kikao kumrithisha, amejiamulia. Mwanaume anayemjua zaidi kwa mwandiko, na ili wakaishi pamoja Iowa yote ipo katikati, mwisho wa safari ni T iliyopinduka na kijito.

Sasa pigeni hesabu. Freeman kaandikisha Januari 1863, kathibitisha Januari 1868. Miaka mitano ile inayosifiwa, Agnes kafunga naye ndoa 1865, yaani karibu miaka mitatu kati ya mitano ni ya ndoa yao. Watu wanasimulia zile dakika 10 za karani, hii miaka mitatu hamna mtu ana habari nayo.

Na hapa ndo nilikwama mbele ya kabati la kioo la makumbusho, mshkaji ananivuta twende mi nimeganda. Ile karatasi ya uthibitisho ya 1868 ipo. Mashahidi ni majirani wawili, Joseph Graff na Samuel Kilpatrick. Wanaapa kwamba wanamjua Daniel Freeman zaidi ya miaka mitano, kwamba ni mkuu wa familia yenye mke na watoto wawili, kwamba amejenga nyumba ya futi 14 kwa 20, chini tu haina ghorofa, sehemu magogo sehemu mbao, milango miwili, madirisha mawili, sakafu ya mbao, ni nyumba inayokalika vizuri. Amelima na kuzungushia uzio kama ekari 35. Ana banda la farasi, ana banda la kondoo la urefu wa futi 100, ana ghala la mahindi, ana mitufaha 40 na mipichi kama 400.

Umeona? Mipichi imehesabiwa. Madirisha yamehesabiwa. Mwanamke ameandikwa "mke" basi, hana hata jina. Na mtu yeyote aliyewahi kulea miche anajua mipichi 400 haioti kwa kuapa mbele ya karani, kuna mtu anaibeba ndoo kutoka kijitoni, na mume ni daktari anaitwa huku na kule kutibu watu, baadaye akawa mpaka sherifu wa Gage County, kaunti ya pale. Sisemi alibeba Agnes peke yake, sikuwepo. Nasema tu ukiangalia ratiba ya nyumba ile nani alikuwa nyumbani.

Gharama ya yote hayo, ukijumlisha ada ya mwanzo na ya mwisho, dola 18. Hati yenyewe ikatoka 1 Septemba 1869.

Mshkaji wangu muda wote huo kimya. Tumetoka nje kwenye nyasi (wamezirudishia zile nyasi za asili, walianza kupanda 1939, majira yake zinampita mtu mrefu kichwa) ndo akaniuliza kwa Kiswahili chao cha Bukavu: "Na benyewe ba ile udongo, bo balienda wapi?" Wenye ardhi, walikwenda wapi. Na ni swali la mtu ambaye amelikimbia shamba la baba yake usiku, sio swali la mtalii.

Jibu lipo na halipendezi. Hapo palikuwa pa Otoe na Missouria, makabila ya wenyeji wa asili. Mwaka 1854 walisainishwa mkataba wakaachia karibu ardhi yao yote, wakabakiziwa kipande kando ya mto Big Blue, humo humo jirani, kwa hiyo Freeman na Agnes wanapanda mipichi hao watu wapo majirani wanawaona. Mwaka 1881 hata hicho kipande wakaondolewa, wakapelekwa kusini, huko ambako leo ni Oklahoma. Sisi neno lenyewe "mlowezi" ukilisema Kenya kwa wazee wa Nyeri linakuja na harufu yake, huku linatamkwa kama jina la shujaa. Jumla nchi nzima ziligawiwa ekari kama milioni 270, asilimia 10 ya Marekani, na hakuna hata moja iliyokuwa ya serikali toka dunia inaumbwa. Mshkaji akasema "mm" akaenda kukaa kwenye gari.

Tusidhani pia kwamba waliopewa walistarehe. Kama milioni 4 waliomba, waliofika mpaka hati ni milioni 1.6 tu, zaidi ya nusu iliwashinda. Ukame, baridi, madeni. Mwaka 1874 nzige walishuka Nebraska na Kansas, wanasimulia walikula mpaka mipini ya majembe kwa sababu ya chumvi ya jasho. Pale hifadhini kuna kibanda cha magogo cha familia nyingine ya jirani, kilijengwa 1867, futi 14 kwa 16, na humo waliwahi kulala baba mama na watoto kumi. Kumi! Nimeingia nimesimama katikati nimenyoosha mikono nikaona basi, imetosha.

Kitu cha mwisho kuhusu mzee, maana nisimwonee. Uzeeni alikuwa mbishi wa kimataifa. Kuna shule ya matofali jirani na shamba, ya mwaka 1872, jengo lipo mpaka leo na watoto walisoma mle hadi 1967. Mwalimu wake Edith Beecher alikuwa anawasomea wanafunzi Biblia darasani, wanasali na kuimba nyimbo za kanisani. Freeman akasema hapana, hii ni shule ya umma, akawashtaki bodi ya shule. Mahakama ya chini akashindwa. Akakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu ya Nebraska, 1902 akashinda, yupo kwenye miaka ya sabini huko. Fikiria umekaa kijiji kimoja na watu miaka 40, unawatibu, alafu unawapeleka mahakamani kwa ajili ya sala. Sijui Jumapili alikuwa anasalimiana na nani.

Alifariki 30 Desemba 1908, siku mbili kasoro ya kutimiza miaka 46 toka ule mkesha. Agnes akabaki mjane mpaka 1931. Wamezikwa pamoja upande wa mashariki wa shamba, na miaka mitano baada ya Agnes kuondoka, 1936, serikali ikaligeuza lote kuwa hifadhi.

Tumerudi Lincoln jioni, mshkaji akajilaza kwenye kochi langu akapitiwa na usingizi na viatu vyake. Mi nikatoa futi ya kupimia, ile niliyonunua nilipohamia, nikapima sebule na jiko, maana vimeungana. Futi 20 zinaanzia dirishani zinaishia mlango wa bafu, futi 14 zinapita kochi na kubakiza kidogo. Nikaweka ndala moja huku na moja kule kuonesha ukuta. Ndani ya ndala zile Daniel na Agnes na watoto wawili, majira ya baridi ya huku, ambayo mimi na hita yangu nalalamika. Kisha nikaziokota nikaenda kuoga, Jumapili nina shifti.