Chai ya Milimani: Kutoka Kandy Hadi Haputale

Treni ya kutoka Kandy hupanda milima ya Sri Lanka taratibu, ikipenya mahandaki na kuambaa kingo za mabonde, na ukikaribia Nanu Oya, kituo kinachohudumia mji wa Nuwara Eliya, macho hayakutani na kitu kingi ila chai. Hapo awali milima hii ilikuwa ya kahawa. Kutu ya majani, ugonjwa wa kuvu uliozuka mwaka 1869, ndiyo iliyowafilisi wakulima, na chai, ambayo Mskoti James Taylor alikwisha kuipanda kibiashara katika shamba la Loolecondera mwaka 1867, ikashika nafasi yake.

Nilishuka Haputale, nikapanda basi hadi kiwanda cha Dambatenne, kilichojengwa na mfanyabiashara wa chai Thomas Lipton mwaka 1890. Majani mabichi yalikuwa yametandazwa kwenye vichanja virefu vya wavu, yakipulizwa hewa mpaka yanyauke. Mwenyeji wangu alinipa konzi moja niifumbate. Nilipofumbua kiganja, hapakuwa na jani lililovunjika, yote yalikunjuka polepole kama kitambaa. Baada ya hapo mashine huyasokota na kuyaminya ili utomvu utoke na kukutana na hewa, nayo yakageuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba. Chai yetu nyingi ya Afrika Mashariki hukatwakatwa kwa mashine za CTC, zinazoponda, kurarua na kuviringisha majani, ndiyo maana hukolea upesi na kuhimili maziwa. Hii ya kusokotwa, tena ya mwinuko mkubwa, hutoka nyepesi, na anayeipima kwa rangi peke yake ataidharau bure.

Huko mashambani wachumaji wengi ni wanawake wa Kitamil, ambao mababu zao waliletwa na Waingereza kutoka India Kusini. Huchuma majani mawili na chipukizi lake, mteremkoni, mvua isinyeshe au inyeshe. Bei ya pakiti dukani haisemi lolote kuhusu kazi hiyo.

Jioni niliagiza chai ya rangi katika mgahawa ulio karibu na stesheni. Ililetwa bila sukari, pamoja na kipande cha sukari guru inayochemshwa kutokana na utomvu wa kithul, mti wa jamii ya minazi. Unamega kidogo kwa meno, kisha unapiga funda, na utamu unayeyukia mdomoni badala ya kikombeni. Kikombe cha pili mwenye mgahawa alikitia maziwa ya unga bila kuniuliza, kwa kuwa wenyeji wengi huipenda hivyo, na harufu yote ikazama. Cha tatu niliomba cha rangi.