Krimu au kijani: jinsi tulivyoamua rangi ya sebule

Wiki mbili nzima tulikwama: mimi nataka krimu, mke wangu kijani iliyokoza. Kadi ndogo ya sampuli za rangi ya dukani haikusaidia. Tukapaka viraka ukutani, vikatuchanganya zaidi, maana rangi ya zamani ya pinki ilikuwa inavizunguka.

Kilichotutoa hapo ni vipande viwili vya hadibodi. Kila kimoja nilikipaka rangi yake mara mbili, nikasubiri vikauke kabisa, na pembeni nikaacha ukingo mweupe wa vidole viwili. Ukingo huo ndio uliotenganisha rangi mpya na ile pinki, jicho likatulia. Tukavisimamisha wima ukutani asubuhi, alasiri, na usiku taa ikiwaka. Usiku kijani ilikaribia weusi. Basi kuta tatu krimu, na ule unaopigwa na mwanga wa dirisha, kijani. Mama watoto anatabasamu.