Kiburu Hakina Sura ya Picha

Tuseme ukweli: kiburu, kile chakula chetu Wachagga cha ndizi na maharage, ukikipiga picha kwa simu kinatoka kama tope. Maharage na magadi vimeshakipa ile rangi ya kahawia iliyokolea, ndizi zimevurugika, huoni kipi ni kipi. Niliwahi kumtumia binamu yangu wa Dar, akaniuliza kama kimeungua. Mtori nao, ile supu nzito ya ndizi na nyama, hivyohivyo, na huo ndio chakula tunachompikia mzazi aliyetoka kujifungua!

Kwa hiyo mapishi yetu nayachora, kwa kalamu ya wino na rangi za maji. Kwenye karatasi naipasua sufuria katikati. Maharage yaliyotangulia kuchemshwa yako chini, juu yake ndizi mshare mbichi zilizomenywa, pembeni kipande cha magadi. Mtu hajasoma neno, lakini ameshajua nini kinatangulia.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni mikono. Ndizi mbichi zina utomvu, ukizimenya bila kupaka mafuta vidole vinabaki vyeusi siku nzima, sabuni haifui dafu. Mwenye mgahawa mmoja hapa Moshi alitaka kadi za kuwauzia watalii wanaoshuka mlimani, akaniomba niisafishe ile mikono, eti haivutii. Nilikataa. Ukiisafisha umebakiwa na ndizi tu, na ndizi ziko kila mahali duniani.

Halafu kuna ugomvi wa nyumbani kwetu. Mama, mtu wa Marangu, huvuruga kiburu kwa mwiko mpaka kishikane. Mama mkwe wangu ni wa Rombo, yeye hataki. Anataka vipande vya ndizi vionekane. Nimechora sufuria mbili, kila moja na mwiko wake, na sijaandika ipi ndiyo sahihi. Nataka kuendelea kula kwa wote wawili.

Sasa hivi niko kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, ulezi ulioota ukakaushwa na kusagwa, hayo yanachoreka bila shida. Kinachonisumbua ni gome la msesewa, linaloipa mbege ule uchungu wake. Kwenye karatasi ni gome la mti kama magome mengine. Kwa sasa nimemchora baba mdogo ameshika kibuyu, amekunja uso, na kibuyu hakiachii.