Wanakuuliza Habari za Miezi Miandamo

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ijumaa hii tukae na aya ya 189 ya Suratul-Baqara. Watu walimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, habari za miezi miandamo, na jibu likashuka kwamba hiyo ni vipimo vya nyakati kwa ajili ya watu na Hija. Wafasiri wengi wanasimulia kwamba swali lenyewe lilikuwa hili: mbona mwezi huanza mwembamba kama uzi, ukanenepa mpaka ukawa duara, kisha ukakonda hadi ukarudi ulikotoka? Waliuliza sababu, wakajibiwa faida.

Wapo wanaoichukua aya hii kama katazo la kuuliza sababu. Hapo wanakosea. Suratu Yunus, aya ya 5, inasema mwezi umekadiriwa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu, na asiyetaka kuhesabu hawezi kuijua hesabu. Tena sababu yenyewe si ngumu. Mtoto wa darasa la nne anaielewa, mradi apewe chungwa alishike mkononi.

Kwanza tuliondoe kosa moja kubwa. Uliza barazani kwa nini leo mwezi uko nusu, na wengi watakujibu: kivuli cha dunia kimeuziba. Kivuli cha dunia huufikia mwezi siku ya kupatwa tu, na kupatwa kwa mwezi hutokea ukiwa mpevu, tarehe 13, 14 au 15 hivi, si tarehe 7. Ukitaka ushahidi, toka nje baada ya swala ya Alasiri siku ya saba ya mwezi. Utaukuta juu mbinguni, nusu yake nyeupe, na jua nalo bado linawaka upande wa magharibi. Kivuli cha dunia saa hiyo kimelipa jua mgongo, kimeelekea chini ya upeo wa mashariki. Hakina njia ya kuugusa mwezi ulio juu ya kichwa chako.

Kinachotokea ni hiki. Mwezi hauna mwanga wake. Jua huangaza nusu ya mwezi usiku na mchana, haipungui wala haizidi. Mwezi unapotuzunguka, tunaiona ile nusu yenye nuru kutoka pembe mbalimbali: leo tunaonyeshwa ukingo wake tu, baada ya wiki tunaonyeshwa robo ya tufe lote, ambayo machoni petu ni nusu duara, na baada ya wiki mbili tunaiona yote. Kinachokua na kupungua ni fungu letu la kuona. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra mnamo 965 na kuishia Cairo, aliandika risala juu ya mwanga wa mwezi na kuonyesha kwamba mwezi haufanyi kazi kama kioo. Ungekuwa kioo cha mviringo, tungeona nukta moja tu inayometa. Badala yake kila sehemu ya uso wake inayopigwa na jua hutawanya mwanga pande zote, ndiyo maana tunaona umbo zima la sehemu iliyoangazwa.

Sasa lile chungwa. Chumba kiwe na giza, taa ni moja tu, balbu isiyo na kifuniko, imewekwa usawa wa kichwa upande mmoja wa chumba, nawe simama mbali nayo hatua nne au tano. Lichome chungwa kwa kijiti cha mshikaki, nyoosha mkono, na ulishike juu kidogo ya kichwa. Ielekee taa: upande unaouona ni mweusi. Hiyo ni siku ya mwezi kutoonekana. Geuka taratibu kushotoni, chungwa likitangulia, na utaona ukingo mwembamba wa mwanga ukizaliwa upande wa taa. Ukifika robo ya mzunguko, ni nusu duara. Ukiipa taa mgongo, limejaa. Endelea, nalo litapungua mpaka urudi ulipoanzia.

Jaribio hili huharibika kwa mambo mawili. La kwanza ni taa nyingine kuachwa inawaka ukumbini, au ukuta mweupe ulio karibu mno, ukarudisha mwanga kwenye upande wa giza. La pili ni kulishika chungwa usawa wa macho: ukiipa taa mgongo kichwa chako kinalitia kivuli, na hicho ndicho kupatwa. Njia ya mwezi imeinama digrii 5 hivi kutoka njia ya jua, kwa hiyo miezi mingi mwezi mpevu hupita juu au chini ya kivuli cha dunia bila kukigusa. Ndiyo maana tukasema mkono uinuliwe.

Halafu mweke mtu wa pili akae karibu kabisa na taa, na umwulize anaona nini wewe unapozunguka. Atakwambia chungwa limejaa mwanga toka mwanzo mpaka mwisho. Wewe umeona mwezi mchanga, nusu, mpevu na mwezi mkongwe. Yeye hajaona badiliko lolote. Chungwa ni lile lile, taa ni ile ile. Mwenye kutafakari na akae hapo kidogo kabla ya kuwasha taa nyingine.

Kwa ukadirio mwezi hulikimbia jua digrii 12 kila siku kuelekea mashariki, kwa hiyo kila siku huchelewa kuchomoza na kutua kwa takriban dakika 50. Kutokana na hilo tu unaweza kuijua tarehe bila kalenda. Mwezi mchanga uko magharibi baada ya Magharibi na hutua mapema. Wa siku ya saba uko juu jua linapotua, nao hutua karibu na saa sita usiku. Wa kumi na nne huchomoza jua likizama. Wa ishirini na mbili hivi huamka saa sita usiku. Akija mtu kukuapia kwamba ameona mwezi mwandamo upande wa mashariki jioni, msikilize kwa adabu, lakini ushahidi wake haupimiki: upande ule jioni huwa ni mwezi mpevu, nyota au ndege.

Mzunguko mmoja wa mwezi ukilinganishwa na nyota huchukua siku 27 na saa 8 kasoro kidogo. Lakini katika siku hizo dunia nayo imesogea ikilizunguka jua, hivyo mwezi unahitaji siku mbili na ushei zaidi kulifikia jua tena. Jumla ni siku 29, saa 12 na dakika 44. Hesabu hii haigawiki ikawa siku kamili, na ndipo linapoeleweka lile alilotufundisha Mtume kwa vidole vyake, kwamba mwezi huwa 29 au 30. Miezi kumi na miwili hutoa siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11, na kwa sababu hiyo Ramadhani hurudi nyuma ikapita vuli, kiangazi na masika, ikamaliza duru kwa miaka 33 hivi.

Kuna ugomvi mmoja wa kila mwaka ambao elimu hii ingeumaliza. Mwezi huonekana jioni mnene na wa juu, na mtu husema papo hapo: "Huu wa pili huu, tumekula siku!" Haya si mapya. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba watu waliokuwa safarini kwa umra waliuona mwezi, mmoja akasema ni wa siku tatu, mwingine wa siku mbili. Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwauliza mliuona usiku gani, kisha akawaeleza kwamba mwezi ni wa usiku ule mliouona. Hesabu inamuunga mkono. Kwa jicho tupu ni nadra sana mwezi kuonekana kabla haujatimiza saa 15 tangu ulipokutana na jua. Chukulia jioni moja ulikuwa na saa 13: haukuonekana, na haukuweza kuonekana. Jioni ya pili una saa 37, umeshiba, uko juu, unakawia kutua. Ni mwandamo halali wa usiku wa kwanza, ila umetukuta ukiwa mkubwa. Unene si cheti cha kuzaliwa.

Vivyo hivyo, ukiuona mwezi mkongwe mashariki kabla ya Alfajiri, usiutafute magharibi jioni ya siku hiyo hiyo. Kati ya alfajiri na magharibi husogea digrii 6 au 7 tu, na ukiwa karibu na jua kiasi hicho hakuna jicho linaloupata.

Kuhusu kufuata mwandamo wa hapa au wa Makka, masheikh wameshasema ya kutosha na tafakari hii haitaongeza. Jambo moja tu ambalo wengi hawalijui: Makka na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, zote zikikaribia digrii 40 mashariki, na Unguja haiko mbali nao. Jua hututulia sote kwa tofauti isiyofika saa moja, hivyo umri wa mwezi unakaribiana mno. Kinachotofautisha ni latitudo, yaani jinsi mwezi unavyolala juu ya upeo. Kwetu karibu na ikweta hulala chali kama dau, pembe mbili zikitazama juu. Ule unaochorwa umesimama wima si huu tunaouona sisi. Ukiutazama vizuri, ndani ya dau hilo utaona sehemu iliyobaki ya duara, hafifu, rangi ya majivu. Huo ni mwanga wa jua uliogonga dunia yetu, ukaenda mwezini na kuturudia.

Pwani hatuhitaji kukumbushwa faida. Wanawake wa mwani Paje na Jambiani hushuka shambani wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, kwa sababu jua na mwezi vimevuta kwa mstari mmoja na maji yanatoka mbali. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki mbali. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa nao hupumzika mbalamwezi. Na siku nyeupe za sunna, 13, 14 na 15, zimepewa jina sawasawa: mwezi mpevu hung'aa karibu mara 10 ya ule wa nusu, si mara 2, kwa kuwa mabonde na milima yake ikipigwa na jua usoni haiachi vivuli tunavyoviona.

Suratu Yasin, aya ya 39, inafika mwisho wa safari: mwezi hurudi kama karara kongwe. Chukua kikonyo cha kichala cha tende kilichoachwa mtini msimu uliopita. Kilikuwa kinene na kibichi kikibeba matunda. Sasa kimekauka, kimekonda, kimepinda, rangi yake ni ya manjano iliyochoka. Wanaoukesha usiku wa 27 wa Ramadhani wanaweza kuuona mfano huo kabla ya kumaliza daku, mashariki, chini.

Siku ya 29 ikifika, tafuta mahali ambapo upeo wa magharibi hauna miti wala majumba. Subiri jua lizame kabisa, usilikodolee macho, kisha tazama juu ya pale lilipozama, kushoto na kulia kwake, kwa dakika 20 au 30. Ukiuona, mwelekeo wa mgongo wake ni upande wa jua. Omba dua aliyotufundisha Mtume, ambayo mwishoni unauambia mwezi wenyewe: Mola wangu na Mola wako ni Allah. Mawingu yakifunga, kamilisheni 30.