Asubuhi Mbili Mbele ya Mawe Meupe

Nilitoka Bagamoyo mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, nikiwa na kamera yangu ya siku zote, lenzi ya milimita 400 niliyoazima kwa rafiki, na shauku ya miaka mingi ya kuwapiga picha ndege wa maji wakiwa kwenye viota vyao. Nyumbani waliniuliza mtu wa pwani anafuata ndege gani wa maji huko bara. Ndege wa bahari wanaozaliana kwa makundi upande wetu wako Fungu Mbaraka, kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe kilicho peke yake kusini-mashariki mwa Unguja, ambako membe na buabua hutaga mayai chini, mahali pa wazi, na kukodi chombo cha kunifikisha huko na kunirudisha ni gharama ambayo mshahara wangu hauiwezi. Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, hufikika kwa basi.

Safari ya basi siielezi, ila viti vilibanana kiasi kwamba lenzi niliilaza mapajani usiku kucha. Nyumba ya wageni niliyofikia ilitoza shilingi 35,000 kwa usiku mmoja, na maji yalitoka bombani alfajiri tu. Katika jiji lililokaa ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kuoga kwa ndoo moja kulinisikitisha. Siku mbili za kwanza zilipita kwa mvua. Nilivuka kwenda Saanane, kisiwa kilichopandishwa hadhi mwaka 2013 kuwa Hifadhi ya Taifa, nikawaona pimbi juu ya majabali na mdiria akielea hewani huku akipiga mbawa, mdomo ukitazama chini kama sindano, lakini viota nilivyovitaka sikuvipata. Nilikuwa nikitafuta minandi wenye vifua vyeupe, ndege weusi wa maji wanaozama kuvua samaki. Wale wanaokausha mbawa juu ya Jiwe la Bismarck, lile jabali maarufu la ziwani hapo Mwanza, kila mtu huwapiga picha. Mimi niliwataka wakiwa wazazi.

Kwenye mwalo mmoja, mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi, nje ya jiji nilielekezwa kwa mzee mwenye mtumbwi wa injini, aliyesema anajua kisiwa cha mawe ambako minandi wanalea. Jina la kisiwa hicho nalihifadhi kwa makusudi. Tulikubaliana shilingi 60,000 kwa kwenda na kurudi. Asubuhi yake, tukiwa tayari tumeingia majini, kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa msimamizi alidai 20,000 nyingine za kutumia mwalo, kisha 15,000 za kukodi jaketi okozi ambalo zipu yake ilikuwa imekatika. Nikalipa, kwa sababu jua lilikuwa linapanda, na mwanga wa kupigia picha haungoji mabishano. Hasira ya zile 35,000 za nyongeza nilizotozwa mwaloni nilikwenda nayo ziwani, na naamini ndiyo iliyochangia nilichokifanya baadaye, kwa maana nilijiona nimelipa kiasi cha kustahili kusogea karibu.

Kisiwa kilionekana kutoka mbali kwa weupe wake. Kinyesi cha ndege kilikuwa kimeyapaka majabali yote kama chokaa, na miti miwili iliyosimama juu yake ilikuwa imekauka, imejaa viota vya vijiti toka chini hadi juu. Harufu ilitufikia kabla ya sauti. Nilimwomba mzee asogeze mtumbwi, akasogeza; nikamwomba tena, akanitazama kidogo, akasogeza tena huku injini ikinguruma, mpaka tukawa hatua chache tu kutoka kwenye jabali la kwanza.

Minandi waliondoka wote kwa pamoja. Niliinua kamera nikapiga, nikafurahi, kwa kuwa kundi zima la ndege weusi likipaa dhidi ya wingu la mvua ni picha nzuri kweli. Kisha nikashusha lenzi kwenye viota. Mnandi hana sehemu tupu ya ngozi tumboni ya kuatamia kama kuku. Huyapasha mayai joto kwa kuyalaza juu ya nyayo zake zenye utando na kuyalalia kwa juu, na anapoondoka kwa hofu, mayai hubaki wazi kabisa. Niliyaona katika kioo cha kamera, ya rangi ya samawati iliyofifia, yamepakwa kitu kama unga wa chaki. Kwenye kiota cha jirani walikuwamo makinda wawili, weusi, hawana hata unyoya mmoja, ngozi inang'aa kama mpira uliolowa, shingo zao hazijui ziegemee wapi.

Kunguru walikuwa wamekaa wakingoja upande wa pili wa jabali, na mimi sikuwa nimewaona. Wa kwanza alitua kwenye kiota chenye mayai kabla minandi hawajamaliza mzunguko wao wa kwanza angani. Akachukua yai moja, akarudi, akachukua la pili. Mwewe akashuka kutoka nisikokujua, akapita juu ya wale makinda mara moja tu, na alipoinuka, kiotani alikuwa amebaki mmoja. Kidole changu kilikuwa bado kinabonyeza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba tukio zima ninalo, fremu kwa fremu, limetoka safi, na katika moja ya picha hizo yai linaonekana mdomoni mwa kunguru bila doa la ukungu.

Mzee alizima injini, akashika kasia, akaanza kuturudisha nyuma. Tulipokuwa mbali ndipo aliposema, "Mwanangu, hawa ndio wanaotuonyesha dagaa wako wapi. Wakizama mahali pamoja, na sisi twende hapo." Nikamwomba radhi. Akasema radhi haiwahusu yeye na mimi, akacheka kidogo kwa upole, kisha akanieleza kwamba katika ujana wake chakula cha ndege na cha watu hapa kilikuwa furu, samaki wadogo wa ziwa hili, na sangara, samaki mkubwa aliyeletwa ziwani na watu, ndiye aliyewamaliza. Ninajua kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu watafiti waliofanya kazi Ghuba ya Mwanza miaka ya 1980 waliona hata mdiria akiacha furu na kugeukia dagaa. Ndege hawa wamekwisha kubadilishiwa chakula na binadamu, wakavumilia.

Kesho yake nilirudi, na bei ilikuwa ile ile ya 60,000, mzee akiwa amezungumza na yule kijana mwenyewe. Tuliondoka bado giza, radi ya usiku ikiwa imeishia upande wa Ukerewe, na tulipokaribia alizima injini mapema, tukaenda kwa kasia, tukatia nanga mbali kiasi kwamba kwa macho matupu ndege walikuwa vitone. Lenzi yangu haikutosha. Niliketi kwa saa nne, na hakuna mnandi hata mmoja aliyeinuka kwa ajili yetu. Jua lilipokuwa kali niliwaona wazazi wakifungua midomo na kutetemesha ngozi ya koo ili wapoe, huku wamekunjua mbawa kuwakinga makinda. Nilipunguza mwanga kidogo ili weupe wa vifua usiungue, nikangoja. Mzazi mmoja alifika amelowa, kinda akanyanyuka akisukumwa na njaa, akaingiza kichwa chote ndani ya koo la mzazi, mpaka macho yakapotea, na shingo mbili zikawa kitu kimoja kinachosukumana. Picha hiyo ni ndogo na ina chengachenga, lakini ninayo.

Kile kiota kilichoporwa mayai nilikitambua kwa kijiti kirefu kilichochomoza upande mmoja. Juu yake alikuwa ameketi mnandi, ametulia kama wenzake.

Niliporudi Bagamoyo nilimpelekea mjomba wangu picha zote, yeye aliyevua miaka mingi kwa jahazi na kulala Fungu Mbaraka mara nyingi upepo ulipowakatalia kurudi. Alizitazama barazani moja baada ya nyingine, akafika kwenye ile ya kunguru, akakaa nayo muda mrefu. Akasema walikuwa wakishuka fungu na makapu, wakiokota mayai ya chakula cha safari, na ndege wakizunguka juu yao wakipiga kelele za kuziba masikio. "Siku zote hizo, mjomba, hatukutazama juu," akaniambia, akaniomba nimwachie ile ya kinda aliyeingiza kichwa kooni kwa mzazi wake.