Mchu wa Mbele, Mchu wa Nyuma

Nilikwenda Gazi, kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya, kwa sababu ya miche iliyonifia. Miaka miwili nyuma, kundi letu zima tulipanda mikoko kwenye uwanda mweupe nyuma ya hori moja, tukiamini kwamba maadamu mkoko ni mti wa bahari, chumvi kwake ni chakula. Haikupita miezi mitatu, haukubaki hata mche mmoja. Iliniuma sana.

Mwezi wa Agosti nikavuka feri Likoni, nikapanda matatu ya kusini, nikashuka njia panda ya Gazi, kama kilomita 50 kutoka Mombasa. Hapa wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mama aliyeniongoza alitaka tuanzie baharini, turudi kuelekea nchi kavu. Mbele kabisa umesimama mlilana, aina mojawapo ya mikoko, ambao mafundi huutolea mataruma, yaani mbavu za vyombo. Karibu yake pana mchu uliopita paa la nyumba kwa urefu. Nyuma yake mkoko wenyewe, aina yenye jina hilo hasa, na mizizi yake iliyopinda, halafu muia, halafu mkandaa, kimo kikipungua kadiri tunavyokwenda. Mwisho tukatokea uwandani, jua kali, vichaka vinanifika kiunoni.

“Huu mti gani, mama?”

“Mchu, mwanangu. Ni ule ule wa kule mbele.”

Akanigeuzia jani. Chini yake palitapakaa punje za chumvi. Nikalamba, ulimi ukawasha. Mkoko huizuia chumvi mizizini. Mchu nao huzuia nyingi, na ile inayopenya huitoa kwa majani, kama jasho.

Kule mbele bahari huja na kuondoka mara mbili kwa siku, na chumvi yake ya gramu 35 hivi kwa lita. Huku nyuma hufika bamvua tu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Jua huyakausha maji, chumvi hubaki, na bamvua lijalo huongeza nyingine juu yake, hata udongo ukawa mkali kuliko bahari yenyewe. Hapo mizizi hushindwa kuvuta maji, na mti hufa kwa kiu ilhali umesimama kwenye tope. Mchu hustahimili kwa kujinyima kimo. Sisi mahali kama hapo tulipeleka miche michanga ya mkoko!

Nilimsimulia mama yote. Akauliza, “Mlipanda mwezi gani?”

“Januari.”

“Kaskazi hiyo, jua tupu,” akasema, akatikisa kichwa.

Akanishika mkono hadi kwenye mchu mmoja mzee, akainua matawi. Kivulini mlikuwa na vichipukizi vya majani manne manne, vilivyoota masika, mvua ilipoiosha ardhi. Nikahesabu kumi na kimoja. Tukavizunguka kwa mbali, tusivikanyage.